Fungueni Matanuri Hayo!

Naandika kwa hasira na sitaificha. Tanuri la kuchomea vyombo vya udongo likikaa baridi mwezi mzima, mlango umefungwa, ufunguo uko kwenye droo ya mkubwa fulani, na nje ya geti wamesimama vijana wenye mabakuli makavu mikononi, hapo kuna dhuluma. Ndogo, lakini dhuluma.

Tuanze na neno lenyewe: hobi. Waliosoma magazeti ya zamani wanazikumbuka kurasa za marafiki wa kalamu. Jina, umri, sanduku la posta, halafu hobi: kusoma, muziki, kubadilishana picha. Sijapata kuona hata mmoja aliyeandika kufinyanga vyungu. Kwa nini? Kwa sababu kufinyanga kwetu sisi kunahesabiwa kazi ya bibi kijijini, tena kazi ya shida. Hata methali inamcheka mfinyanzi kwamba hulia gaeni. Sasa kijana aliyemaliza kidato cha nne akikaa uani jioni, udongo umemfika kwenye viwiko, anafurahi peke yake, watu wanaanza. "Unauza bei gani?" Hauzi. "Huo mradi umefadhiliwa na nani?" Si mradi. "Basi huyu kachanganyikiwa." Eti maskini akipenda kitu lazima kwanza aonyeshe faida yake! (Mimi naandika riwaya, kwa hiyo swali hilo nimelizoea.)

Raha yake nitaieleza kwa kifupi maana asiyeshika udongo haamini. Unasokota udongo kama kamba, unapanga duara juu ya duara, unaziba maungio kwa kidole, chombo kinapanda. Kikianza kukauka unakisugua kwa kokoto laini ya mtoni mpaka kinang'aa chenyewe bila rangi. Saa tatu zimepita, hukumbuki deni la duka.

Lakini hicho bado si chombo. Kitumbukize kwenye ndoo ya maji, kesho asubuhi utakuta tope. Udongo hauachi kuwa udongo mpaka moto uyafukuze hata yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, na hayo hayatoki kwa jua la Mbeya wala la Dodoma. Yanahitaji nyuzi 500, 600 za Sentigredi na kuendelea. Na ukitaka glezi, yaani ule utando unaong'aa kama kioo juu ya kikombe, kwa kawaida utapanda mpaka nyuzi 1,000 na zaidi. Hapo jiko la mkaa halikufikishi.

"Basi chomeni kama bibi zenu," anasema mjuaji. Jamani, nani amekataa? Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, wilayani Kyela kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu ambavyo vinauzwa soko la Lyulilo karibu na Matema na kusambaa Nyanda za Juu Kusini. Moto wa wazi wa kuni na nyasi unaweza kufika nyuzi 800 hivi bila tanuri wala fundi umeme. Nawaheshimu kuliko maprofesa. Lakini moto wa wazi unataka uwanja, nasi mjini tunaishi vyumba vya kupanga, uani kwa watu sita, nguo za jirani zimeanikwa kwenye kamba. Hebu washa hapo rundo la nyasi uone kama utalala humo usiku ule.

Ndiyo maana tukaenda kwenye taasisi moja, sitaitaja, yenye tanuri la umeme. Mlinzi kwanza akataka vitambulisho. Ofisini tukaulizwa kama ni kikundi kilichosajiliwa, kama tuna barua ya serikali ya mtaa, kama tuna mfadhili. Tukasema tunapenda tu kufinyanga. Yule mkubwa akacheka, bila ubaya, nadhani ni kwa mshangao. Akasema tanuri ni la wanachuo. Tukauliza linawashwa lini. Akasema mara ya mwisho ni muhula uliopita.

Sitaki kumwonea. Ana hoja moja ya kweli: chombo chenye unyevu kikipashwa moto haraka, mvuke unakipasua, na vipande vinaharibu vya wenzake. Sawa. Basi weka sharti kwamba vyombo vikauke wiki mbili, fundi wako avikague kimoja kimoja, na tanuri lipande taratibu mwanzoni. Hiyo ni kanuni, na kanuni tunaweza kuifuata. Kufuli tunaifuataje?

Hoja ya gharama za umeme ndiyo siielewi kabisa. Tanuri lenye nafasi nusu linakula umeme karibu sawa na lililojaa. Na katika uchomaji wa kwanza, ule usio na glezi, vyombo vinaweza kugusana, bakuli likakaa ndani ya bakuli. Nafasi ipo, inachomwa hewa!

Anayesema hobi hii ni mambo ya Wazungu namkumbusha Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, na miaka ya 1974 na 1975 akafika Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichofanyia kazi Ladi Kwali, mwanamke Mgbari ambaye sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Huko akajifunza kujenga chungu kwa mkono. Leo mitungi yake imo katika makumbusho makubwa duniani, haina glezi hata tone, imesuguliwa tu. Ila tazama safari yenyewe: binti wa Nairobi mpaka apitie Uingereza ndipo akajifunze kwa mama wa Kiafrika.

Aliyetusaidia sisi ni mchoma matofali. Hakutuuliza cheti. Alisema leteni kuni mzigo mmoja, akatupangia mabakuli manne katikati ya tanuri lake, akaziba kwa tope, moto ukawaka siku tatu usiku na mchana. Matatu yalitoka mekundu, yanalia ukiyagonga. La nne lilikuwa limeiva upande mmoja, maana moto wa matofali haulingani kila mahali. (Najua matanuri hayo yanamaliza miti, ni sababu nyingine ya kufungua yale ya umeme.)

Wenye matanuri ya vyuo, ya karakana na ya misheni, hatuombi ufadhili wala semina yenye posho na soda. Tunaomba Jumamosi moja kwa mwezi. LUKU tutachanga wenyewe, rafu tutafagia, fundi wenu tutamlipa ujira wake. Tuko watano. Vyombo vyetu 31 vimekauka na viko chini ya kitanda changu, bati linavuja, na mvua za huku kwa kawaida huanza Novemba.