Namba ya kwenye boksi la pampu isikuzuzue

Vijana wa Rudewa mnaofuga perege na kambale kwenye matenki, naona mmeingia mashindano ya pampu. Kila mtu anataka kubwa. Mimi napinga.

Namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji. Ukiyapandisha mita moja na nusu hadi kwenye chujio, na sponji ikishashika uchafu, maji yanapungua sana. Pima mwenyewe: kinga ndoo ya lita 20 pale maji yanaporudi kwenye tenki, huku unaangalia saa. Ikijaa kwa sekunde 36, unapata lita 2,000 kwa saa, basi, hata boksi liseme 3,500.

Tenki la lita 1,000, anza na lita 1,000 kwa saa kupitia chujio. Wenye matenki ya vioo ya samaki wa mapambo huenda hata mara nne ya ujazo, lakini wao hawauzi kwa kilo. Vifaranga wa perege wakipambana na mkondo mchana kutwa, chakula ulichonunua kwa bei ile kinaishia kwenye kuogelea.

Wakipanda juu kuhema alfajiri, ongeza hewa na upunguze chakula kwanza. Mabaki ndiyo yanazaa amonia, na bakteria wa kwenye chujio ndio wanaoigeuza. Sponji ioshe kwa maji ya tenki lenyewe, siyo ya bomba yenye klorini. Kambale asikudanganye, yule anavuta hewa ya juu, maji mabovu anavumilia.

Umeme ukikatika usiku, pampu kubwa na ndogo zote zinazima. Hela iliyobaki nunulia pampu ya hewa ya betri.