Gari lisilo na gurudumu la akiba lisitoke Butembo

Gari la abiria lisilo na gurudumu la akiba lenye upepo, jeki inayoinua na spana inayoshika nati zake halistahili kutoka kwenye parkingi ya Butembo wala ya Beni. Tunalisema hilo bila kuzunguka, tukijua kwamba litawakera wenye magari wengi wa miji hii miwili. Na liwakere. Wamezoea kuiona kama kawaida hali ambayo haikupaswa kuwapo kabisa: gari limeegemezwa kwenye mawe kando ya njia, akina mama wamekaa kwenye nyasi pamoja na watoto na vikapu vyao, shoferi anapiga simu huku na huku, na konvoyeri, msaidizi wake, ameshapanda pikipiki, tairi begani, kwenda kumtafuta kwado, fundi wa kuziba matairi.

Kilomita 54 kati ya Butembo na Beni zinaonekana chache kwa anayezitazama kwenye ramani. Anayezisafiri anajua ni nyingi. Njia inaanza kwenye milima ya Butembo, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inapita Maboya na Kabasha, kisha inashuka hadi kwenye joto la Beni. Kona zinafuatana na miteremko inafuatana. Gari limejaza watu, viazi vya Lubero viko juu ya paa, madumu yako nyuma, na shoferi yuko kwenye breki muda wote. Tairi lililochoka halina mahali pa kuficha uchovu wake katika safari ya namna hiyo.

Kwingineko pancha ni kero ya nusu saa. Kwetu, tangu mauaji ya raia yalipoanza kuenea katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, kusimama njiani kumekuwa hatari ya aina nyingine. Usiku wa kuamkia 20 Oktoba 2022 washambuliaji waliingia Maboya, kwenye barabara hiihii, wakakichoma kituo cha afya na kuua watu, miongoni mwao mtawa aliyekuwa daktari. Barabara ya Beni–Kasindi, kilomita 80 hivi, inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na kila shoferi wa njia hiyo anapajua mahali ambapo hapunguzi mwendo hata akipungiwa mkono. Tarehe 1 Septemba 2021, kwenye barabara ya kwenda Komanda, upande wa Ituri, msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa na jeshi ulishambuliwa. Raia waliuawa, wengine wakatekwa, magari yakateketezwa. Msafara wenye bunduki ulipatwa na hayo. Gari moja lililobaki nyuma, limekaa juu ya jiwe, likisubiri tairi lirudi kwa pikipiki kutoka mjini, linalindwa na nani?

Ni lazima tuseme pia kwamba uzito wa barabara hizi umeongezeka. Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, njia ya kusini kuelekea Goma ilikatika kwa wafanyabiashara wa Butembo. Goma nayo ilipoanguka Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Bidhaa, watumishi wa serikali, wagonjwa, wanafunzi na wakimbizi wa vita wote sasa wanategemea mwelekeo mmoja: Butembo, Beni, Kasindi, na kutoka hapo Uganda. Sukari, mafuta, saruji na nguo za Butembo zinapita huko. Kakao na kahawa zetu zinatokea huko. Lori moja likikwama kwenye mteremko wa matope kwa sababu ya tairi moja, foleni inajipanga nyuma yake hadi jioni, na jioni ndiyo saa ambayo hakuna mtu anayetaka imkute nje ya mji.

Sasa tuseme kosa ni la nani. Desturi yetu ni kumtukana shoferi. Shoferi ndiye aliyeko pale, mikono imejaa grisi, naye ndiye anayetupiwa maneno na abiria. Lakini mashoferi wengi wa njia hii hawamiliki gari wanaloliendesha. Wanadaiwa hesabu ya kila siku na mwenye gari, na hesabu hiyo haipungui kwa sababu tairi limechanika. Gurudumu la akiba lilipopelekwa kuwa gurudumu la nne, mwenye gari alijua. Mahali pake palipogeuzwa kuwa nafasi ya madumu mawili zaidi ya mawese, mwenye gari alijua na akahesabu faida. Shoferi akidai tairi, anaambiwa wapo vijana kumi wanaoutaka usukani huo. Basi hukumu yetu inaanza kwa mwenye gari. Yeye ndiye aliyeamua, akiwa amekaa mjini, kwamba bei ya tairi moja ni kubwa kuliko usalama wa watu anaowatoza nauli.

Wapo watakaosema gurudumu lipo, limefungwa chini ya gari, twendeni tukaone. Twendeni kweli. Mara nyingi tunakuta mnyororo unaolishikilia umeoza kwa matope na kutu, haufunguki bila nyundo. Tukilishusha, limelala halina upepo, au uso wake umekuwa laini hadi nyuzi zinaonekana. Hilo ni tairi lililotolewa kwenye kazi kwa sababu halifai, kisha likapewa kazi ngumu kuliko zote, ya kuwaokoa watu porini. Matairi mengi yanayouzwa katika miji yetu yamekwisha kutumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Hatuwezi kumwambia kila mtu anunue jipya. Uchumi wetu tunaujua. Lakini tairi lina tarehe yake ubavuni, na kuisoma hakuhitaji pesa. Ni tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lililoandikwa 2312 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mpira huzeeka hata ukikaa tu, hukauka na kupasuka nyufa, na watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka kumi hata kama halijatembea. Mnunuzi ainame na kuisoma tarehe hiyo kabla ya kutoa pesa, na muuzaji anayeikwangua ili isisomeke atendewe kama tapeli.

Kuna jambo la pili ambalo wenye magari hawataki kulisikia: kubadilisha gurudumu ni kazi inayofundishwa. Konvoyeri anayeokotwa leo asubuhi na kukabidhiwa mlango kesho hajui kitu, na wapo waliopondwa vidole na miguu kwa kutojua huko. Gari lisogezwe hadi kwenye ardhi ngumu na tambarare, hata kama itabidi litambae mita kadhaa na kuharibu tairi ambalo tayari limeharibika. Abiria wote washuke. Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, jiwe liwekwe kwenye gurudumu la upande wa pili. Nati zilegezwe kwanza gari likiwa bado chini, kwa sababu anayezivuta gari likiwa juu ya jeki anaweza kuliangusha. Katika udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha, jeki inazama. Shoferi anayejua kazi yake hutembea na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini yake. Gurudumu la akiba lilazwe chini ya bodi wakati kazi inaendelea, ili jeki ikiteleza gari lidondokee gurudumu, lisimdondokee mtu. Nati zikazwe kwa kuruka upande hadi upande, kisha gari likishushwa zikazwe tena kwa nguvu. Na baada ya kilomita hamsini hivi zikaguliwe upya, maana hulegea. Hiyo ndiyo safari yenyewe ya Butembo hadi Beni: anayefika parkingi ya Beni na gurudumu alilolibadilisha Maboya aguse nati zake kabla ya kupakia watu wa kwenda Kasindi.

Kuhusu mawe, tutakuwa wakali zaidi. Lori likiharibika, mashoferi hukata matawi na kuyatandaza barabarani mbele na nyuma, wakaongeza mawe makubwa kwenye magurudumu. Mahali pasipo na pembetatu ya tahadhari, matawi ni bora kuliko kitu cho chote, na hatuwalaumu. Tunawalaumu wanapomaliza kazi, wakapanda, wakaondoka, na kuyaacha mawe katikati ya njia. Giza likiingia, vijana wa pikipiki wanakuja na abiria wawili nyuma na taa hafifu. Watu wamevunjika miguu, na watu wamekufa, kwa jiwe ambalo kuliondoa kungemgharimu konvoyeri dakika moja. Anayeacha jiwe barabarani ameweka mtego, na tunataka aitwe hivyo.

Vijana wa kwado wanastahili neno la heshima hapa. Wakiwa na kompresa ya zamani, beseni la maji na vyuma viwili vya kung'olea tairi, wanaufanya usafiri wa Kivu uwezekane. Lakini nao wanakufa. Magurudumu mengi ya malori yana pete ya chuma inayolishika tairi. Pete hiyo ikiwa imepinda au haikukaa vizuri, upepo unapojazwa huruka kwa nguvu ya kumuua mtu aliyeinama juu yake. Kwenye karakana zinazojali, gurudumu la namna hiyo hujazwa likiwa ndani ya tundu la nondo, na mjazaji anasimama mbali kwa mpira mrefu. Nondo zinauzwa Butembo na mafundi wa kuchomelea wako kila mtaa. Matajiri wa malori wanaopitisha magari yao kwa vijana hawa kila siku wanaweza kuwachomelea matundu hayo mwezi huu, na wafanye hivyo.

Tunajua jibu linalotayarishwa: barabara mpya inakuja. Mnamo Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani Mpondwe kuzindua ujenzi wa kilomita 223 za barabara upande wetu, zikiwemo za Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Tunaitaka lami hiyo kwa moyo wote. Lakini lami huleta mwendo, na tairi lililokwisha likipasuka katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa hupindua gari, wakati kwenye mashimo lingelisimamisha tu. Wengine watatuonyesha kwamba Ulaya magari mengi mapya yanauzwa bila gurudumu la akiba, yana kopo la gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo huziba tundu la msumari. Ubavu uliochanwa na jiwe haiuzibi. Na mwenye gari wa huko akishindwa hupiga simu, gari la kuvuta likaja. Huku kwetu simu yenyewe haina mtandao kwenye sehemu nyingi za njia.

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, miji yetu ilijaa magari ya mashirika ya misaada. Mengi yalibeba magurudumu mawili ya akiba, na shoferi hakuondoka kabla ya kuyakagua. Tuliyaona kwa macho yetu, mlangoni kwetu. Chanjo na madaktari walistahili uangalifu huo. Mama anayepeleka maharage sokoni Beni anastahili uangalifu huohuo, na hakuna mwenye gari atakayetueleza kwa nini asiupate.

Tusiambiwe kwamba abiria ndiye aulize. Abiria amefika alfajiri, ana mzigo, ana mgonjwa, nafasi ni moja, na akiuliza anaambiwa ashuke mwingine apande. Wenye nguvu ya kuuliza wanajulikana. ACCO, chama cha mashoferi, kinapoitisha mgomo miji husikia. Nguvu hiyo itumike pia kuwalinda wanachama wake dhidi ya matajiri wanaowatuma porini mikono mitupu. Wakuu wa parkingi, wanaochukua fedha kwa kila gari linalopakia, waangalie gurudumu la akiba kabla ya kuandika jina la gari kwenye foleni. Polisi wa barabarani wanaosimamisha gari kutazama karatasi waombe kuiona jeki ikifanya kazi, na anayepokea noti akafumba macho ajue anachokiuza. FONER, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 kutunza barabara, unapokea pesa za wanaopita. Pesa hizo zionekane kwenye mashimo yanayokata matairi.

Sheria ya kuwawajibisha tunayo. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika vifungu vya 52 na 53, inamtia hatiani aliyesababisha kifo kwa kukosa kuona mbele au kuchukua tahadhari, hata kama hakukusudia, na inamwekea kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Hadi sasa, ajali ikitokea, anayekamatwa ni shoferi. Tunawataka waendesha mashtaka wa Butembo na Beni wafungue faili pia kwa jina la mwenye gari: aulizwe tairi lilikuwa la mwaka gani, gurudumu la akiba lilikuwa wapi siku ile, na nani aliamuru litolewe.