«Mutoto hasikie tena mukono»

Katika kitivo chetu tunahesabu ngeli za majina, tunabishana kama Kiswahili cha Lubumbashi ni lahaja, pijini au krioli. Ni mabishano mazuri, nami nimeyafurahia tangu mwaka wa kwanza. Lakini kuna mahali mjini humu ambapo neno moja la Kiswahili hicho linaweza kumchelewesha mtoto saa nzima, na hapo sisi hatuonekani: mapokezi ya hospitali, usiku, mtu anapoingia mbio na mgonjwa mikononi.

Ajali zenyewe kila nyumba inazijua. Mbabula iko chini uani na mtoto anajifunza kutembea. Umeme umekatika, taa ya petroli imeangushwa. Anayekimbilia ku urgence ni mama, nyanya au dada mkubwa, yaani yule aliyekuwapo. Munganga hakuwapo. Kila anachohitaji kujua katika dakika za kwanza kimo katika maneno ya mtu huyo, na maneno hayo ni ya Kiswahili cha nyumbani.

Mwana wa shangazi yangu, mvulana wa miaka 3, alivuta sufuria ya mafuta ya kukaangia samaki. Shangazi alimfunga kitenge, akapanda naye moto, dada yake wa miaka 14 nyuma yao. Muuguzi wa zamu alitoka mkoa mwingine na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Msichana ndiye aliyefasiri. Shangazi alisema: «Mutoto hasikie tena mukono.» Kwenye fiche iliandikwa: «n'a pas mal à la main». Hana maumivu mkononi. Wakaambiwa wakae kwenye benchi, kwa kuwa mbele yao kulikuwa na wanaolia. Munganga alipokuja kukifungua kile kitenge alikuta ngozi nyeupe, kavu, kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko.

Msichana hakukosea kwa kipimo cha darasa. Angepata alama. Lakini tutazame sentensi ile kama watu wa lugha. Kusikia kwetu ni kwa sikio, ni kwa ngozi, na tena ni kutii: mtoto asiyesikia anaweza kuwa kiziwi, aliyekufa ganzi, au mtundu. Mama alikuwa anatoa habari mbaya kabisa, kwa maana moto ukiingia ndani sana unaua mishipa ya fahamu na mgonjwa hasikii tena pale palipoungua zaidi. Ikatafsiriwa kuwa habari njema. Kisha lile neno mukono. Sisi hatutenganishi main na bras isipokuwa tukiulizwa. Waganga, wao, hukadiria eneo lililoungua kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia 1 ya ngozi ya mwili; kwa mtu mzima, mkono wote tangu bega ni asilimia 9. Kwa hesabu hiyo hupangwa kiasi cha maji ya kutiwa mshipani. Polisemia ambayo mtihanini tunaijibu kwa mistari mitatu ilikuwa imelala kwenye benchi, imefungwa kitenge.

Mfano mwingine, maana huu unawahusu hasa wanaotaka tuchukue tu vitabu vya Dar es Salaam na kuvigawa. Kwetu petroli ni mafuta ya taa, kutoka Kifaransa pétrole. Ya gari tunaita esanse. Tanzania petroli ndiyo hiyo ya gari. Mtoto akinywa kwenye chupa ya limonadi iliyotiwa petroli, jina hilo moja linataja vitu viwili pande mbili za ziwa Tanganyika. Bahati ni kwamba onyo ni moja kwa vyote viwili: usimtapishe, kwa sababu mafuta yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Siku nyingine bahati hiyo haitakuwapo.

Nitaambiwa kwamba waganga wengi wa mji huu wanazungumza Kiswahili nyumbani kwao. Ni kweli, na baadhi wanakizungumza vizuri kutushinda. Lakini wamejifunza kuuliza, kuandika na kupokezana zamu kwa Kifaransa, na fiche haina nafasi ya maneno ya mama kama alivyoyatamka. Yanaingia yakiwa yamekwisha kufasiriwa na yeyote aliyekuwa karibu: mtoto, mlinzi, mgonjwa wa kitanda cha pili. Neno la Kifaransa ambalo kila mama analielewa pale bila mfasiri ni caution.

Katiba ya 2006, ibara ya 1, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Serikali inahakikisha uendelezaji wa Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Ibara ya 18 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Sijaona katika katiba hiyo sentensi kama hiyo kwa ajili ya aliyeungua. Mwizi wa kuku analindwa na ibara. Shangazi yangu alilindwa na msichana wa miaka 14.

Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, Translators without Borders ilitengeneza faharasa za lugha za huko kwa wahudumu. Basi kazi hiyo inawezekana. Inaniuma kwamba ilisukumwa na watu wa nje, huku rafu zetu zikijaa tasnifu juu ya methali. Sina ugomvi na methali. Nasema tu kwamba mwanafunzi mmoja au wawili kila mwaka wangeweza kufanya staji yao ku urgence, wakae pale na daftari, waandike watu wanavyotaja maumivu, viungo, dawa za nyumbani na saa, kisha tasnifu iwe hiyo.

Wasiende kutunga mabango ya «fanya hivi, usifanye vile». Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya Kiswahili cha Katanga chini ya Wabelgiji, alionyesha jinsi vitabu vya msamiati vya wakati ule vilivyomwandaa Mzungu kuamuru kuliko kuzungumza. Kiswahili cha hospitalini bado kina harufu hiyo: nawa, lala, lipa. Kinachokosekana ni maswali, na swali zuri ni kazi ya lugha. Chukueni moja tu. Kuungua kunataka maji safi yanayotiririka, dakika 20, lakini nyumbani watu wengine hupaka dawa ya meno, mafuta au yai, na munganga lazima ajue. Akiuliza kwa ukali, «Kwa nini mulipaka?», mama atasema hawakupaka kitu. Akiuliza, «Mama, mbele ya kuja huku, mulimusaidia na nini?», atataja vyote, na atataja na saa.