Ulimi Mzito wa Musa

Nimesikia maoni mengi juu ya sinema ya katuni iitwayo The Prince of Egypt, iliyotoka Marekani mwaka 1998, na ambayo hata leo haijachoka kuonyeshwa katika kumbi za makanisa na shule za nyanda za juu za Karatu. Wengi wa wanaoisema huisema kwa hasira. Nataka kushindana nao, si kwa sababu sinema hiyo haina ila, bali kwa sababu ila wanazozitaja ndizo ndogo, na ile iliyo kubwa wameipita kama mtu apitaye kaburi gizani.

Mahali nilipoitazama mara ya mwisho palikuwa ukumbi wa parokia moja kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani. Watoto walikaa chini, wanawake katika mabenchi, na wazee, ambao baadhi yao walikuwa wameteremka kutoka upande wa Nainokanoka kwa ajili ya mnada, walisimama nyuma wameegemea fimbo zao. Sinema ilisema Kiingereza. Kwa hiyo kijana mmoja alishika kipaza sauti kando ya shuka, akawaambia watu kwa Kiswahili yaliyokuwa yakisemwa. Na kila alipoona nyuso za wazee hazichangamki, alitia neno moja au mawili ya Kiiraqw au ya Kimaasai.

Ilipokwisha, maneno yalianza mlangoni. Katekista mmoja, mtu wa makamo aliyeheshimiwa sana, alisema kuwa Neno limeongezwa na limepunguzwa, na kwamba mtoto aliyeiona sinema hii itabidi afundishwe upya. Mwalimu mmoja wa kike alisema kuwa picha za kuchorwa ni za watoto, tena hizi zimewatisha watoto kwa kifo cha wazaliwa wa kwanza. Neno la mwalimu nalipita, maana hadithi yenyewe yatisha na haikutungwa ili watu walale usingizi mwema. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni. Yeye alisema kwamba hii ni bidhaa ya wageni juu ya hadithi ya wageni, na kwamba mkulima wa Rhotia na mfugaji wa Endulen hawana fungu katika hiyo.

Na tumsikilize katekista kwanza, kwa kuwa ana hoja. Katika kitabu cha Kutoka, mtoto aliokotwa na binti Farao; katika sinema aliokotwa na mke wa Farao. Katika kitabu, Musa alitazama huku na huku, akamuua Mmisri, akamficha mchangani; katika sinema, msimamizi alisukumwa akaanguka kutoka jukwaani, na mauaji yakawa ajali. Kitabu hakikumtaja Farao kwa jina. Sinema ilimwita Ramesesi, ikamfanya kuwa ndugu wa Musa wa kulelewa pamoja. Kitabu chasema Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Mchoraji alimpa mwili wa mtu ambaye hajaota mvi. Hayo yote ni kweli. Watengenezaji wenyewe walikiri katika maandishi ya mwanzo wa sinema kwamba walijipa uhuru. Waliwauliza wanazuoni wengi wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu kabla ya kuitoa, na juu ya hayo Maldives na Malaysia ziliipiga marufuku, kwa kuwa huko kumchora nabii kulionekana kosa lisilopunguzwa na ushauri wowote.

Lakini katekista, katika hesabu yake ndefu, alisahau ulimi.

Musa wa kitabu ni mtu asiyeweza kusema. Katika sura ya 4 alijitetea mbele ya Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, akajibiwa kwa kupewa Haruni awe kinywa chake. Kurani, katika sura ya 20, yasimulia jambo hilohilo: Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba na ndugu yake awe msaidizi. Vitabu viwili vinavyotofautiana katika mengi vimekubaliana hapa, nacho si kipande kidogo cha hadithi. Mkombozi wa taifa zima hakuweza kutoa hotuba pasipo mkalimani! Sinema ilifanya nini? Hofu yake iliigeuza kuwa hofu ya mtu aliyewahi kuwa mwana wa adui. Kigugumizi kikatoweka, Musa akasema mwenyewe kwa sauti nzuri, na Haruni akafanywa mtu wa kusitasita. Na sauti ya Mungu katika kijiti cha moto ilitolewa na mwigizaji yuleyule aliyetoa sauti ya Musa. Mwenye ulimi mzito amepewa ulimi wa mbinguni, na hakuna aliyelalamika.

Nasema jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengi wa dunia. Katika nchi hii ndogo baina ya ziwa Eyasi na kingo za bonde la Ngorongoro, zimekutana lugha zisizo na undugu hata kidogo: Kiiraqw, kilicho cha jamii ya Kikushi, Kimaasai na Kidatoga, vilivyo vya jamii ya Kinailo, Kiswahili, kilicho cha Kibantu, na Kihadza, ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu. Mtoto wa hapa huacha lugha moja mlangoni mwa shule ya msingi, na nyingine mlangoni mwa shule ya sekondari. Ulimi mzito anaujua. Amesimama mbele ya darasa akiwa na jibu moyoni na hana neno kinywani, akaketi, akahesabiwa mjinga. Mtoto huyo ndiye aliyenyang'anywa Musa wake. Mbele ya hasara hiyo, binti Farao na mke wa Farao ni ugomvi wa maji na vikombe.

Tena, nani alikuwa Haruni usiku ule? Ni kijana wa kipaza sauti, ambaye katekista alimkaripia kwa kuwa alitia ya kwake. Alitia, sikatai. Musa alipokuwa na kondoo za Yethro, kijana alisema kuwa alikuwa akichungia mkwewe, na wazee wakacheka kwa kuelewa. Kazi hiyo ina heshima yake katika nchi yetu. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliisimulia Dar es Salaam picha nyingi za kigeni kwa Kiswahili mpaka kanda zake zikaenea, na watu walinunua sauti yake kama walivyonunua picha. Na katekista mwenyewe hufanya nini kila Jumapili, ikiwa si kuchukua neno lililoandikwa kwa watu wa mbali na kulitia katika masikio ya watu wa karibu, akiongeza mfano wa shamba hapa na mfano wa zizi pale?

Kuongeza, basi, si dhambi mpya. Washairi wa pwani walikitunga upya kisa cha Nabii Yusufu kwa tenzi, na mateso ya Nabii Ayubu vilevile. Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, aliitia Injili katika utenzi, na Utenzi wa Enjili Takatifu ukachapwa mwaka 1963. Hakuna aliyesema kuwa vina na mizani vimeipunguza Injili. Na huku kwetu bara mambo ni makubwa zaidi. Mwaka 1904 afisa mmoja wa Kijerumani, Moritz Merker, alichapa kitabu juu ya Wamaasai, na ndani yake aliandika kisa cha Tumbainot, mtu mwema aliyeambiwa na Mungu ajenge safina ya mbao. Aliingia na wake zake wawili, wanawe sita na wake zao, na wanyama wa kila namna. Mvua ilipokoma alimtuma njiwa, naye akarudi amechoka. Kisha alimfunga tai mshale katika unyoya wa mkia, ili akitua juu ya mzoga mshale unase. Tai alirudi bila mshale, na Tumbainot akajua kuwa kuna mzoga, na penye mzoga pana nchi kavu. Merker alikata shauri kwamba Wamaasai ni ndugu wa Waebrania. Dai hilo wataalamu hawakulikubali, na wengine walidhani kuwa hadithi zenyewe zilitokana na mafundisho ya wageni. Na iwe hivyo. Aliyebuni mshale katika mkia wa tai alikuwa mtu aliyeyajua malisho na mizoga.

Sasa kwa mwanafunzi. Alisema hadithi ni ya wageni. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu na Haruni walimnung'unikia Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Na ni jina hilo la Kushi ambalo wataalamu wa lugha walilichukua wakaipa jamii ambamo Kiiraqw kimo. Sidai kwamba mke wa Musa alitoka Mbulu. Kosa la Merker latosha. Nasema tu kuwa mpaka wa mgeni na mwenyeji haukupita mahali alipoupitisha. Angewatazama wazee wa nyuma wakati watu walipokuwa wakitoka Misri na mifugo yao, asingesema hawana fungu. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa Serengeti wakaja Ngorongoro. Kuanzia mwaka 2022 familia zimepelekwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali husema wamekwenda kwa hiari, na wakazi wengi wamekana. Ukumbi ulinyamaza. Kila mtu alikuwa na Farao wake na Kanaani yake moyoni, na si kazi ya mhakiki kuwapangia.

Katika neno moja mwanafunzi ana haki: chombo cha kuchora kimekaa mikononi mwa wengine. Lakini udhuru wa kutoweza umekwisha. Katuni za Ubongo Kids zimechorwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, nazo huwafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili. Waliochora hesabu wangeshindwa kumchora tai na mshale wake?

Shitaka langu la mwisho juu ya sinema ni hili, nalo nimelichukua kwa mzee mmoja wa Nainokanoka. Mapigo ya Misri hupita katika wimbo mmoja, na tauni ya mifugo, iliyo na mahali pake katika sura ya 9, hupita kama kupepesa jicho. Watu walikuwa wamekwisha anza kukunja shuka, mzee akamjia kijana wa kipaza sauti.

"Mwanangu," alisema, "ng'ombe wale walikufa kwa ugonjwa gani?"

Kijana alisema hakuambiwa. Ndipo mzee alipoanza kueleza, kwa Kimaasai, habari ya sotoka ya miaka ya 1890, kama alivyoipokea kwa babu yake: mazizi yaliyonyamaza, watu waliokula ngozi. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za bonde la Ngorongoro, alipita huko mwezi wa Machi 1892, akawakuta watu hao katika njaa yao. Kijana alifasiri polepole, akikwama, akitafuta neno. Watoto walirudi wakakaa chini. Katekista, aliyekuwa amekwisha shika baiskeli yake, aliiegemeza tena ukutani.