Kinshasa Ni Mbali Namna Gani?



Mukiulizwa: toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni mbali namna gani? wengi munajibu: «Saa moja na nusu tu.» Ni saa ya ukuta inawadanganya. Tuseme ndege inaondoka uwanja wa Luano saa mbili asubuhi, inashuka N'djili saa tatu na nusu. Lakini saa ya Lubumbashi inatangulia ile ya Kinshasa kwa saa moja. Basi ndege iliruka masaa mawili na nusu, kilometa zaidi ya 1.500. Kwa kurudi, saa ya ukuta itaonyesha masaa matatu na nusu. Je, inchi imerefuka? Hapana!

Sisi wa mwaka wa sita tunaona kungali hesabu ingine. Njia ya reli, iliyofika Ilebo mwaka 1928, inaishia pale. Kisha ni bato, kwa mto Kasai na mto Kongo. Mama anayepita kule na mizigo yake hahesabu masaa, anahesabu majuma.

Kwa hiyo tusiseme inchi yetu ni ndogo sababu ndege ni mbio. Tuipime kwa njia ya yule asiye na tiketi.