Chupa ya soda kando ya pikapu

Jumamosi asubuhi mwenye pikapu, awe Musoma, Bunda au Butiama, si lazima aende gereji kwa kila kitu. Boneti hufunguliwa uani. Kijiti cha oili kinachomolewa na kufutwa, upepo wa matairi unaangaliwa, vumbi la wiki nzima linakung'utwa kwenye chujio la hewa. Watoto nao wamejaa: huyu ameshika spana, yule maswali hayaishi.

Hapo ndipo pana hatari ambayo baba wengi hawaioni. Kulanti iliyobaki baada ya kujaza rejeta humiminwa kwenye chupa tupu ya soda, ikawekwa ukutani. Rangi yake mara nyingi ni ya kijani au nyekundu, na ladha yake, kwa bahati mbaya, ni tamu. Mtoto wa miaka 3 anachojua ni kwamba chupa ile ni ya soda.

Kulanti nyingi zina sumu iitwayo ethilini glaikoli. Mtoto aliyeinywa anaweza kuyumba kama mlevi, kisha akatulia, wazazi wakadhani yamepita, kumbe figo zinaharibika. Asitapishwe. Akimbizwe hospitali hata kama bado anacheza, na chombo cha kulanti kibebwe ili daktari akione.

Inayobaki ikae kwenye galoni lake la dukani, lifungiwe stoo. Iliyomwagika chini ioshwe, maana hata mbwa huilamba. Na chupa za soda zirudi kwenye kreti kabla jeki haijatolewa.