Kitufe cha Mraba Ndicho Kinakufanya Uchapwe 2K

Wasee wa NBA 2K, leo tuambiane ukweli. Ukichapwa mara tatu mfululizo na beshte yako, kwanza unasema padi imeharibika. Halafu unasema yeye amechukua timu kali. Halafu unasema gemu yenyewe imepangwa. Mimi nasema hivi: angalia kidole gumba chako cha kulia. Kama unacheza kwa PlayStation, kimekaa kwa kitufe cha mraba na hakitaki kutoka hapo.

Fikiria kidogo. Ukiwa na mpira, mraba ni wa kutupa. Ukiwa huna mpira, mraba ni wa kupokonya. Kitufe kimoja, kazi mbili, na zote mbili ni tamu. Hapo ndipo shida inaanzia. Wachezaji wengi hawashindwi kwa kukosa ujuzi. Wanashindwa kwa haraka, na hiyo haraka nyumba yake ni hicho kitufe.

Tuanze na ulinzi, maana huko ndio kuna aibu. Msee anakuja na mpira, wewe unabonyeza mraba mara kumi kwa sekunde mbili. Mchezaji wako anarusha mkono, anapoteza hatua, yule ashakupita. Jitu lako la ndani linatoka kuja kusaidia, linaacha mtu wake, pasi moja, danki. Ama refa anapuliza faulo, na mwenzako anaenda kutupa bila mtu wa kumsumbua. Wewe unasema ati ana bahati. Bahati gani? Ulimfungulia mlango ukamkaribisha chai.

Kulinda kwa 2K ni kazi ya miguu. Shika L2 ukae chini mbele yake, mfuate kwa stiki ya kushoto, na ubaki kati ya mtu wako na rimu. R2 ni ya kukimbia, kwa hivyo usiing'ang'anie ukiwa umekaribiana na mtu. Akigeuza upande utapitiliza kama matatu isiyo na breki. Pembetatu, ile ya kuruka kuzima mpira, iache mpaka uone miguu yake imetoka chini kweli. Mjanja atakuchezea danganya toto, uruke peke yako, halafu atupe akiwa ametulia.

Najua mtaniambia, "Lakini akipata kijani, mpira unaingia tu." Sawa. Lakini hicho kijani hakitoki mbinguni. Mlinzi akiwa karibu na mkono uko juu, nafasi ya kukipata inapungua. Kazi yako sio kuzima kila mpira. Kazi yako ni kumfanya atupe akiwa amebanwa, mara kwa mara, mpaka hesabu imkatae.

Na hesabu ndio inatupeleka kwa kushambulia. Mitupo kumi ya pointi tatu, ukiingiza minne, ni pointi 12. Mitupo kumi ya karibu na rimu, ukiingiza sita, ni pointi 12 vilevile. Sasa ni gani rahisi? Kupata tatu na mtu amekukalia usoni, ama kupata mbili ukiwa peke yako chini ya kikapu? Tatu ni silaha, sikatai. Lakini ni silaha ukiwa wazi.

Namna ya kuwa wazi iko hapo kwa padi. Shika L1, mwenzako aje akuwekee ukuta. Pita karibu naye kabisa, bega kwa bega. Halafu ngoja. Walinzi wawili wakikufuata, yule aliyekuwekea ukuta anateremka peke yake kuelekea rimu, mpe. Jitu la kona likija kumfunga, mtupaji wa kona amebaki wazi, mpe yeye. Hapo sasa bonyeza mraba. Hujatumia hata nusu ya zile sekunde 24.

Kwa wale wanaocheza mahali pa kulipia, hii sio hadithi. Tuseme robo ni za dakika tatu, mechi nzima ni dakika 12. Mkitumia sekunde zote 24 kila mara, kila mtu anapata mashambulizi 15 hivi. Ukitupa matano ovyo, umechoma theluthi moja ya mechi. Na aliyeshindwa ndiye analipa.

Kama unadhani haya ni mambo ya gemu tu, rudi kwa NBA yenyewe. Mwaka wa 2018, mechi ya saba ya fainali ya Magharibi, Houston Rockets waliongoza Golden State Warriors 54-43 wakienda mapumziko. Kisha tatu zikakataa. Walikosa 27 mfululizo. Wakamaliza na 7 kati ya 44, wakapoteza 101-92. Zile zilizokosa hazikuwafundisha kujaribu njia nyingine kwa wakati.

Miaka miwili kabla ya hapo, mechi ya saba ya fainali ya 2016, Cleveland Cavaliers wako mbele 92-89, imebaki chini ya dakika moja. Stephen Curry ana mpira, na aliyebaki mbele yake ni Kevin Love, mtu wa ndani ambaye hakuna aliyemsifu kwa ulinzi. Love hakupokonya mpira. Hakuuzima. Alisogeza miguu, akabaki mbele, akainua mkono. Curry akakosa, na Cleveland wakachukua ubingwa, 93-89. Huo ndio ulinzi bora wa maisha yake, na hakuna mraba ndani yake.

Shida ni kwamba ulinzi wa aina hiyo haupendezi kwa klipu. Video zinazosambaa ni za tatu kutoka mbali na mtu akianguka baada ya dribo kali. Hakuna anayesambaza msee aliyekaa mbele ya mtu sekunde kumi mpaka akatupa vibaya. Kwa hivyo kijana anayejifunza anadhani mchezo ni zile sekunde tano za mwisho. Na tukumbuke, mitaa mingi hapa Kenya ni rahisi kupata PS kuliko kupata rimu yenye wavu. Kwa vijana wengi, 2K ndio kocha wa kwanza. Tukiwafundisha haraka kwa padi, wataibeba haraka hiyo mpaka uwanjani.

Basi jaribu hivi wikendi hii. Cheza mechi tano bila kugusa mraba hata mara moja ukiwa unalinda. Ya kwanza itakuwasha vidole. Ya pili utaanza kuona miguu ya mtu. Kufika ya tano, beshte yako ndiye atakuwa analalamika ati padi imeharibika.